Miezi Miwili Kwenye Kiti

Kiti chenyewe kilikuwa cha plastiki, cha buluu, mguu mmoja umefungwa kwa waya. Mke wa patron, mwenye karakana, alikifuta kwa kitambaa chenye maji, akakiweka kibarazani, mahali ambapo cheche za kuchomelea hazifiki, akaniambia, "Karibu madmazeli. Kaa hapa, usichafuke." Nikakaa. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu kimoja cha Gitega na barua yenye muhuri, nimekuja mjini Muyinga kufanya staji, mafunzo ya kazini ya miezi miwili, katika karakana inayotengeneza mashine za kusaga. Ningejua kiti kile kitanifanya nini, ningekitupa barabarani asubuhi ile ile.

Sikujua. Tena, kusema kweli, nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mimi nimekulia Tanzania, kambini, ambako mtoto wa mkimbizi hapewi kiti na mtu. Tuliporudi Burundi tulikwenda kwenye shamba la babu huko Giteranyi, na mama akaanza kulima ardhi ambayo alikuwa hajaiona tangu akiwa msichana. Yeye na wanawake wenzake waliorudi wakaunda chama, wakahangaika miaka mpaka wakapata mashine moja ya umeme ya kusaga mahindi na muhogo, pale sentani penye maduka. Mashine ile ndiyo iliyonifanya nisomee umeme na mitambo. Mama aliwatangazia watu wote, sokoni na kanisani: binti yangu anasomea mashine. Nilipopata nafasi ya staji akaenda kwa fundi cherehani akanishonea salopeti, ovaroli ya kitambaa kigumu cha kaki, yenye mifuko sita. Alisema fundi bila mifuko ataweka wapi bisibisi?

Chuoni tulikuwa na mota tatu mpya. Zilikaa katika chumba kimoja zikiwa bado zimevikwa nailoni yake ya dukani, na mlango ulifunguliwa walipokuja wageni tu. Ufunguo ulikuwa kwa mtunza ghala, na mtunza ghala siku zote alikuwa Bujumbura. Sisi tulisoma mota ubaoni. Mwalimu wetu, ambaye pia ndiye aliyekuwa mkuu wa idara, alikuwa na mkono mzuri wa kuchora; mota yake ya chaki ilipendeza kuliko ile ya kweli. Katika mazoezi yote aliyotupa, nyaya ziliunganishwa kwa umbo la pembetatu. Kuna namna ya pili, ya nyota, lakini hiyo ilikuwa ukurasa wa mwisho wa daftari na muda ulikuwa umekwisha. Nilipata alama za juu katika somo lile. Ungeniwekea mota ile ile mezani, nisingejua wapi pa kuanzia kufungua kifuniko chake.

Ndiyo maana nilikwenda Muyinga na hamu. Nilidhani pale ndipo nitashika.

Patron alikuwa mtu wa makamo, wa familia ya Waislamu wa mjini ambao ufundi kwao ni wa kurithi. Baba yake alitengeneza baiskeli, babu yake alifua majembe. Alikuwa na desturi ya kusikiliza mota kwa bisibisi: ncha anaigandamiza kwenye chuma, mpini anauweka sikioni, anafumba macho, kisha anasema, "Hii beringi iko inalia," au, "Hii, sha, iko nzima, tatizo ni mukanda." Hakukosea hata siku moja. Nami nilimwona akifanya hivyo mara mia, nikiwa hatua kumi na tano kutoka kwake, kwenye kiti.

Nilijaribu kuinuka, msinifikirie vibaya. Siku ya pili nilisimama nikasogea kwenye mota iliyofunguliwa. Mfanyakazi mmoja mtu mzima akaniwahi. "Hapana madmazeli enjeniya, hapa iko maguta. We utaharibu nguo." Maguta ni mafuta. Siku ya nne nikajaribu tena, na safari hii patron mwenyewe akaniletea Fanta na chapati, akanirudisha kitini kwa adabu zote. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikaa miezi miwili sikupewa hata mpini. Na kwa kuwa nimefundishwa kwamba mkubwa akikukaribisha hukatai, na kumwambia mzee "nipe kazi" ni kama kumwambia hajui kupokea wageni, nikanyamaza. Nikanywa Fanta. Nikaandika katika daftari yale niliyoyaona kwa mbali.

Chuo je? Chuo kilinipigia simu mara moja. "Uko Muyinga?" Nikasema niko. "Haya, kuraje, jipe moyo." Ikakatika.

Siku ya mwisho nilitoa kitabu changu cha staji, kile ambacho mwenye karakana anatakiwa kuandika mwanafunzi amejifunza nini. Patron alikiangalia, akanirudishia. "Andika we mwenyewe, we ndiye unajua Kifaransa. Mi nitagonga kashe." Nikaandika. Mkono wangu mwenyewe uliandika kwamba mwanafunzi ameshiriki kikamilifu katika kufungua, kusuka na kuunganisha mota. Tulipofika kwenye alama, ambazo ni juu ya ishirini, aliniuliza ipi iko nzuri. Nikamwambia kwetu wanasema ishirini ni ya Mungu na kumi na tisa ni ya mwalimu. "Donc weka kumi na nane," akasema, akapuliza kashe yake, muhuri wa mpira, akagonga.

Nikarudi Giteranyi na salopeti safi kama ilivyotoka kwa fundi. Mama aliianika mbele ya nyumba, ingawa haikuhitaji kufuliwa, ili majirani waione. "Mnaona?" aliwaambia. "Mwanangu anafanya kazi kwa usafi." Nilikuwa na nafasi ya kusema. Sikusema.

Miezi michache baadaye mota ya chama iliungua. Wanawake waliipeleka Muyinga kwa baiskeli, kwa patron yule yule, akaisuka upya kwa waya mpya na kuirudisha ikiwa imefungiwa kamfuko ka nailoni shingoni. Aliagiza kwamba akiitwa atakuja kuiunganisha. Mama akakataa. "Fundi wa nini? Fundi si ninaye nyumbani?" Mimi nilikuwa nimemaliza masomo, nasubiri diploma yangu ipate sahihi Gitega. Sikuwa na sababu ya kukataa ambayo ningeweza kuitamka.

Wanawake walikuja na mabeseni ya mahindi kichwani. Wengine walikuja kuangalia tu. Nilivaa salopeti. Nikafungua kifuniko cha mota, baada ya kuhangaika na skrubu mbele ya macho ya kila mtu, nikakuta vichwa sita vya shaba. Katika kamfuko mlikuwa na vipande vitatu vidogo vya shaba vyenye matundu. Katika maisha yangu yote sikuwa nimeviona. Ubaoni vilikuwa mistari ya chaki. Nilivigeuza mkononi nikaelewa kwamba ndivyo vinavyounganisha vile vichwa sita, na kwamba vinaweza kukaa kwa namna mbili: ukivilaza, ni ile nyota ya ukurasa wa mwisho, ukivisimamisha, ni ile pembetatu. Nikakumbuka daftari langu. Nikakumbuka mazoezi yote. Nikavisimamisha.

Iliunguruma. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama alinitazama kwa uso ambao nikifumba macho nauona. Kisha mlio ukawa mnene, kisha ukaja moshi na harufu ya vanishi inayoungua, na mpaka nilipofika kwenye swichi mota ilikuwa imekwisha. Mahindi bado yalikuwa kwenye mabeseni.

"Umeme wa leo umekuja na nguvu mbaya," mama akasema kwa sauti kubwa, kwa watu wote. "Si kosa la mtoto."

Wakajitwika mabeseni yao wakaenda kusaga kilima cha mbali, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, wengine na watoto mgongoni. Nyumbani mama alikaa kwenye mkeka. Halafu akaniuliza, polepole, wala si kwa ukali: "Mwanangu, kule chuoni mlikuwa mnafanya nini?"

Nililia kwanza kwa aibu. Aibu ilipokwisha, nilichokuta chini yake ni hasira, na hasira ile haijanitoka. Kila mara nasikia redioni wenye viwanda wakilalamika kwamba vijana wanaotoka vyuoni hawana ujuzi. Nasikia wenye vyuo wakijibu kwamba wenye viwanda hawataki kupokea vijana. Wanatujadili kama mvua iliyokosa kunyesha, kitu ambacho hakuna aliyekifanya. Ninyi ndio mliotufanya! Mmoja alitufungia mota kwenye nailoni, mwingine akatuwekea kiti, na wote wawili wakagonga muhuri kwamba tumeshika. Kisha anayeungua ni mota ya wanawake wa Giteranyi.

Niliifunga mota kwenye baiskeli ya mtu wa kukodi, nikaenda naye Muyinga, milimani tunaisukuma wote wawili. Patron aliifungua mbele yangu. Aliangalia vile vipande vitatu, havijaungua, vimesimama.

"Nani alivisimamisha?"

"Ni mimi."

Akanitazama vizuri. "Lakini we uko enjeniya. Ulifanya staji hapa kwangu."

"Nilifanya staji kwenye kiti chako, mzee!" Nilisikia sauti yangu imepanda na sikuijali. Wafanyakazi walinyamazisha nyundo. "Miezi miwili mmenikalisha kama bibi harusi. Sijashika hata spana. Na kashe ukagonga!"

Mke wake alitoka ndani. Nilitegemea anifukuze, maana nimemgombeza mumewe kwake. Patron hakukasirika haraka. Alifuta mikono.

"Sikiliza. Mtu wa iniverisite anakuja kwangu, amevaa nguo mupya, ana barua ya Kifaransa. Mi nimeishia mwaka wa sita. Nitamuambiaje ashike maguta? Nilisema, huyu hakuja kujifunza, chuo banamutuma atuangalie sisi, aandike raporo. We ulikuwa unaandika kila siku! Nilikuwa naogopa kile kikaye chako." Kikaye ni daftari. Akaendelea, "Na we, kwa nini hukusema?"

"Niliogopa kukukosea adabu."

"Ewe," akasema, akatikisa kichwa. "Mi nakuheshimu, we unaniheshimu, mashine iko inaungua."

Wafanyakazi walicheka. Mimi sikucheka. Niliona kwamba anasema kweli, na ukweli wake haukunipunguzia kitu: mwanamke mwenye beseni kichwani hajali kama umemkosesha unga kwa dharau au kwa heshima. Nikamwambia sitoki pale mpaka niisuke mota ile kwa mikono yangu. Mke wake akanitandikia pamoja na binti zake. Kesho yake asubuhi, kwa mazoea, akatoa kiti. Patron akamwambia akirudishe.

Ilinichukua wiki tatu. Mota moja, ambayo yeye angeisuka kwa siku mbili, niliisuka mara nne, kwa kuwa mara tatu za kwanza aliikata nyaya zote akaniambia anza. Nilijifunza kwamba waya wa shaba ukiukwaruza kwa kucha tu umeshauharibu. Nilijifunza kusoma kibao kidogo cha chuma ubavuni mwa mota, kile kinachosema vipande vilazwe au visimamishwe. Kilikuwepo siku ile Giteranyi, chini ya rangi, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kitu cha kwanza ni kukifuta na kukisoma. Niliweka bisibisi sikioni na kwa siku nyingi sikusikia kitu, mpaka siku moja nikasikia. Salopeti ikaingia mafuta ambayo hayajatoka. Niliporudi nayo Giteranyi na mota, mama aliipokea akaishika kwa vidole viwili, akainusa, akaenda kuianika pale pale mbele ya nyumba. Vipande nilivilaza. Mashine ikasaga.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilijua mwezi unaofuata chuo kitatuma wengine na barua zao, na kila mmoja ana mama yake mahali fulani.

Nilikwenda Gitega na kitabu changu cha staji, na patron akafunga karakana siku moja akanifuata, amevaa kofia yake ya Ijumaa. Mkuu wa idara alitupokea vizuri. Nikamwambia nimekuja kuomba alama zangu za staji zifutwe.

Alidhani natania. "Zifutwe? Diploma yako imeshatiwa sahihi. Hii hapa." Akagonga droo.

"Nimeziandika mwenyewe, mwalimu. Sikufanya chochote."

Alishusha sauti, kama mtu anayemsaidia mtoto. "Binti yangu, nikifuta zako, nitaacha za nani?"

Hivyo ndivyo alivyosema, bila aibu, kama anavyosema jua limechomoza. Alikuwa anajua! Miaka yote alikuwa anajua, na bado alikuwa anachora ile pembetatu yake nzuri. Ukutani nyuma yake palikuwa na picha kubwa ya siku chuo kilipotia sahihi makubaliano na wenye karakana na viwanda. Patron alinyanyuka akaisogelea. "Huyu ni mimi," akasema, akaweka kidole kwenye mtu wa pili kutoka kushoto mwenye chupa ya maji mkononi. "Bilikuwa imeandikwa kwamba mutakuja kutuangalia. Miaka ngapi sasa? Sijaona mtu."

"Esanse hakuna, mzee. Bila mafuta gari la chuo halitoki."

"Mais sisi tumefika," patron akasema. "Probox ya abiria ipo."

Mkuu wa idara akafungua droo, akatoa diploma yangu, akaisukuma mezani kuelekea kwangu. Nilikuwa nimeingoja ile karatasi kuliko kitu kingine chochote. Bila karatasi ile hakuna ofisi itakayonipokea, na alijua. Nikairudisha upande wake. Nilisema nitaichukua siku atakayokuja Muyinga kuona wanafunzi wake wanakaa wapi.

Mama aliposikia alinigombeza siku nzima. "Nimelima kwa ajili ya karatasi ile! Wewe unamwachia mtu kwenye droo, kwa hasira tu?" Nikamwambia ndiyo, kwa hasira tu. Nikaenda kufanya kazi kwa patron, bila karatasi. Wiki zilipita, nikaanza kufikiri kwamba mama yuko sahihi.

Mkuu wa idara alikuja siku ya Alhamisi, kwenye Probox, amebanwa katikati ya abiria na bahasha ya diploma yangu mkononi, na nyuma yake wanafunzi watatu wa staji wenye salopeti mpya. Sijui kilichomleta. Labda ni ile diploma iliyokuwa inamtazama kila alipofungua droo. Mke wa patron, masikini, adabu ilimtangulia: alikuwa ameshakifuta kiti. Mkuu wa idara akakaa kibarazani, akapandanisha miguu, akasema amefurahi sana kuona ushirikiano unaendelea.

Nilikuwa nimefungua mota juu ya benchi. Nilichukua vile vipande vitatu vya shaba nikaenda nikamwekea kiganjani, kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa.

"Mwalimu, waonyeshe wanafunzi wako. Kwa mota hii, tuvilaze au tuvisimamishe?"

Nitasema ukweli: nilitaka aaibike. Nilikuwa nimeyafikiria maneno hayo kwa wiki nyingi. Aliinuka, akaja mpaka kwenye benchi, mwanafunzi mmoja akimbebea kiti nyuma yake, akainama. Akavigeuza vile vipande. Akavileta karibu na macho. Nikaanza kuona namna vidole vyake vinavyovishika, kwa ncha, kwa woga. Nilivijua vidole vile. Vilikuwa vyangu, siku ile ya vigelegele.

"Hivi ndivyo…" akasema, akasita. Kisha kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, akamwambia patron na si mimi: "Miaka kumi na miwili nafundisha mota. Hivi naviona leo."

Wanafunzi wake watatu walikuwa wanasikiliza. Hakuna aliyecheka. Hasira yangu ilibaki nimeishika mkononi, sijui pa kuiweka, maana yeye naye kuna mtu alimkalisha.

Aliweka vipande juu ya benchi. Uso ulikuwa umemjaa jasho. Akapeleka mkono nyuma, bila kugeuka, kutafuta kiti akae.

Patron alikuwa ameshakiondoa.